Kilio Ndani ya Kina

Kwa miaka mingi niliamini kwamba shairi la kulaani dhuluma sharti lingurume. Kwa hiyo nilipomsoma William Blake, mshairi wa London, mara ya kwanza, nilimweka kando. Shairi lake la mfagia dohani, la mwaka 1789, niliona ni bembelezi tu: beti 6 za mishororo minne minne, vina vya jozi, na maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa.

Nafsineni katika shairi hilo ni mtoto. Mama yake amekufa, baba yake amemuuza, naye hufagia dohani za watu na kulala katika masizi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1788 ilikataza kuwatumikisha hivyo watoto wasiotimiza miaka 8, lakini haikusimamiwa ipasavyo.

Nilipojaribu kulitafsiri nikakwama. Mtoto hupita mitaani akinadi kazi yake. Ila ulimi haujakomaa, sauti ya kwanza humponyoka, na neno la Kiingereza la kufagia hugeuka kuwa la kulia. Kwa kudondosha konsonanti moja, Blake ametaja umri wa mtoto, kazi yake na msiba wake. Niliandika "fagia", nikaandika "lia". Vina vilipatana, lakini ulimi wa mtoto ulipotea. Hadi leo sijapata dawa yake.

Mwaka 1794 Blake alitoa shairi la pili lenye jina lilo hilo, beti 3 tu. Humo mtoto, mweusi katikati ya theluji, anaulizwa waliko wazazi wake. Wamekwenda kanisani kusali. Kwa kuwa bado anacheza na kuimba, asema, wao wanadhani hawakumdhuru.

Hapo niliona haya. Mimi nami nilisikia wimbo mtamu nikadhani hakuna aliyeumia. Kumbe wepesi wa umbo ndio mtego wenyewe: hutunasa tukiwa tumelewa mahadhi, kisha hutuuliza tulikuwa tukifurahia nini. Ngurumo ingetuweka upande wa mlalamikaji, tukaridhika na nafsi zetu. Bembelezi hutuketisha pamoja na wale wazazi.

Ndugu malenga, tangu siku hiyo, nikipima mizani ya shairi lolote linalomzungumzia mnyonge, siishii kuuliza kama vina vimetimia. Nauliza pia utamu wake unamfaa nani.