Daftari la Mbunge

Ndugu msomaji, upitapo Mikumi kwa basi liendalo Iringa, bila shaka macho yako huwatafuta tembo na twiga. Mimi huutafuta mwembe. Chini yake, asema bibi yangu, mbunge mmoja aliulizwa swali mwaka 1979 akakosa jibu.

Nilikuwa sijazaliwa. Kisa chenyewe nimekisikia Kilosa, kwenye baraza ya bibi, ambaye hadi leo huniita mume wake.

Majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yetu ya Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita, akizungumza na wazee wa Dar es Salaam. Zingatia, msomaji: wazee, si wabunge. Basi mbunge wa viti vya nyuma alibakiwa na kazi gani? Katika Ukumbi wa Karimjee, mbele ya Spika Adam Sapi Mkwawa, aliweza kuuliza maswali na kuipitisha bajeti. Chama kilikuwa kimoja. Hata kura ya jembe na nyumba ilikuwa baina ya wanachama wawili wa CCM. Na nani angethubutu kudadisi gharama ilhali vijana wako mstari wa mbele?

Kazi nzito ilimngoja jimboni. Malori na mabasi yalikuwa yametwaliwa kwenda vitani. Sabuni ilikuwa adimu, na mafuta ya taa hali kadhalika.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, watu wakacheza ngoma. Mjomba wangu, kifungua mimba wa bibi, alikuwa amekwenda na wanamgambo. Barua zilikoma.

Mbunge alipofanya mkutano, wengi waliuliza habari za sabuni. Bibi akasimama: “Ndugu Mbunge, mwanangu yu wapi?”

Hakuhutubia juu ya ushindi wala subira. Alifungua daftari, akaandika jina, akamwuliza bibi namna linavyoandikwa. Bibi hakujua kusoma. Akalitaja polepole, mara mbili.

Nilipokuwa kijana niliuona huo kuwa unyonge. Tangu nianze kuripoti vikao vya Bunge huko Dodoma, na kusikia majibu yatiririkavyo kama maji ya bomba, nimebadili mawazo.

Miezi miwili baadaye alirudi peke yake, amedandia lori kutoka Kilosa, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuitisha mkutano. Alivua viatu, akaketi mkekani, akasema mjomba amefariki. Karatasi ya serikali ilikuwa bado haijafika. Akakaa hadi magharibi, akinywa chai isiyo na sukari.

“Mwaka 1980 ulimpigia kura?” nilimwuliza bibi hivi karibuni.

Akanitazama kana kwamba nimepotewa na akili.

“Nilimnyima, mume wangu. Sabuni hakuileta.”