Bawaba ya Juu

Basi liliondoka Mbezi, kituo cha Magufuli, kabla hakujapambazuka, nami nimepakata randa ya baba. Kondakta alitaka niiweke kwenye buti pamoja na mabegi ya wengine. Nikamwambia, "Hii siiachi, kaka." Akatazama jinsi ilivyofungwa, akadhani ni kitu cha kanisani, akapita. Hakukosea sana.

Nilikuwa nimeizungushia kanga ya mama. Ni randa ya mti, ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, na kisu chake cha chuma kimebaki kifupi kwa kunolewa miaka na miaka. Baba aliipata ujanani, alipojifunza useremala kwa mabruda wa Peramiho. Alipokuja Dar es Salaam kutibiwa aliibeba, akisema hawezi kukaa kwa mtoto wake mikono mitupu. Akanitengenezea stuli mbili, akaniachia randa, akarudi nyumbani. Hakuishika tena. Sasa ametimiza mwaka kaburini, Misa ya kumwombea ni Jumapili, na mdogo wangu, aliyerithi karakana, alinipigia simu wiki mbili kabla: "Dada, msalaba wa baba siupigi randa ya umeme. Niletee ile."

Kutoka Dar hadi Songea ni kilomita zinazokaribia 950. Mikumi niliwaona tembo watatu, sikuwatazama kwa makini. Kitonga basi lilipanda likihema. Ilula watu wakanunua vitunguu na nyanya madirishani, jirani yangu akanikaribisha karanga. Nilikuwa nasubiri Mafinga.

Pale Mafinga barabara inapita kwenye misitu ya Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, na malori yanashusha na kupakia mbao za paini mchana kutwa. Safari moja tuliyosafiri pamoja, baba alisimama pale dirishani basi zima likimtazama. Watu hudhani fundi wa zamani lazima aidharau paini. Yeye aliniambia, "Mti huu haujakosa kitu, mama. Ila wanaukata ungali mtoto, wanauuza ungali unalia."

Aliniita mama kwa sababu nimechukua jina la mama yake. Na habari ya kulia haikuwa mafumbo. Mti wake yeye ulikuwa mninga, ambao ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Nikiwa mdogo niliwahi kukimbia nilipoona gogo linavuja. Mbao zikishapasuliwa alizipanga kivulini nyuma ya nyumba, kati ya ubao na ubao ameweka vijiti ili upepo upite, juu ameweka mawe. Zilikaa mwaka, pengine zaidi. Alipotaka kuzitumia alinyanyua moja, akaipima kwa mkono, akaigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Paroko mmoja aliwahi kumwomba mlango wa kiti cha kitubio uwe tayari kwa Pasaka. Baba akagonga ubao mbele yake, akasema, "Baba Paroko, huyu bado ana maji." Paroko akasisitiza, waumini walikuwa wakiungama nyuma ya pazia. Baba akavua kofia kwa heshima, akarudia yaleyale. Mlango ulikamilika Pentekoste.

Makambako basi lilikata kushoto, na baada ya Njombe baridi ikaanza kuingia miguuni. Nikaikumbatia randa.

Wanaomkumbuka baba kwa dini yake humtaja kama mtu wa kanisani, wa mstari wa mbele, na kweli alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu miaka mingi. Lakini mimi nilimwona zaidi karakanani, nikimshikia upande wa pili wa ubao. Kengele ya saa sita ikilia aliiacha randa palepale ilipofika, katikati ya ubao, maranda yakiwa bado yamejiviringisha mdomoni mwake. Alisali sala ya Malaika wa Bwana amesimama, vumbi la mbao kwenye nyusi. Kisha akaendelea pale alipoachia. Nilikuwa nikipitisha kidole kutafuta kovu mahali aliposimama. Sikulipata hata siku moja.

Jioni ilikuwa rozari, na sisi tulikuwa saba. Tuliongoza mafungu kwa zamu. Aliyesinzia hakugombezwa, baba alimbeba kitandani akiendelea kuitikia. Vitanda hivyo ni vyake, vya kazi ya miaka ya baada ya Vita vya Kagera, wakati dukani hapakuwa na sukari wala sabuni, na msumari ulikuwa kitu cha kuomba kwa jamaa wa mjini. Alijifunza upya yale aliyofundishwa na mabruda: ulimi wa ubao kuingia kwenye tundu la mwenzake, na kigingi cha mti kupenya vyote viwili. Ada zangu za sekondari alizilipa kwa vitanda vya bweni. Nililala miaka minne juu ya kimojawapo, nami nilikijua kwa vigingi vyake, ila sikumwambia mtu.

Alikuwa na jambo moja lililomuumiza mama. Jeneza la mtoto hakulitoza bei. Kuna mwaka surua ilipita kijijini, akatengeneza majeneza mfululizo, na mama akasema kwa uchungu, "Mbao nazo hatukupewa bure." Baba hakujibu. Walikaa siku nzima bila kusemezana, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwao. Asubuhi ya pili mama aliingia karakanani na kitambaa cheupe, shuka lake la akiba, akakaa chini na kuanza kukata vipande vya kutandika ndani. Baba akasema tu, "Ahsante, mwenzangu." Ndivyo alivyomwita siku zote, mwenzangu. Jumapili walipokwenda Misa walitembea sambamba, na mtoto wa mgongoni alibebwa na baba, wakati ambapo wanaume wa kwetu walitangulia mbele mikono mitupu. Walimcheka. Aliendelea kubeba.

Septemba 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika Songea, alinibeba hata mimi, nikiwa na miaka minane, ili nione juu ya vichwa vya watu. Paroko alikuwa amemsimulia kwamba Papa huyo ujanani, kule Poland wakati wa vita, alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe. Njia nzima ya kurudi baba hakuzungumzia umati wala nyimbo. Alizungumzia mawe. "Amebeba mawe, yule," alisema, na akajitazama viganja.

Songea tuliingia usiku. Asubuhi nikapanda gari la Peramiho, nikashuka mara moja kusali katika kanisa kubwa la abasia, lile la miaka ya 1940, kisha bodaboda hadi nyumbani. Mama aliipokea ile kanga, akaifungua, akainusa randa kabla ya kunisalimu.

Mdogo wangu alikuwa ameshachagua ubao wa mninga, mmoja wa mwisho katika zile baba alizopanga mwenyewe. Akanoa kisu, akapiga randa, nami nikashika upande wa pili. Kazi ilichukua muda. Adhuhuri kengele ililia, tukaacha, tukasali, tukaendelea.

Alasiri akaniambia twende kanisani, mlango wa kitubio umelegea skrubu na kesho watu watakuwa wengi. Tukaenda, yeye na bisibisi, mimi na taa ya simu.

Mlango ule naukumbuka kwa machozi. Nilikuwa darasa la nne. Baba alipoufunga mara ya kwanza ulisimama popote ulipoachwa, naye hakuridhika. Alisema wazee wakishapiga magoti hawana nguvu ya kugeuka kutafuta kitasa, na mtu anayeungama asihangaike kama mlango umebaki wazi. Ili ujifunge wenyewe, bawaba ya juu ilihitaji kusogezwa nje kidogo, unene wa kadi tu, mlango ulalie upande wa komeo. Akatafuta kadi. Akachukua daftari langu jipya, akakata kipande cha jalada la nyuma. Nililia nikijua mwalimu ataniadhibu. Usiku ule alilivalisha daftari karatasi ya mfuko wa saruji, kwa mikunjo iliyonyooka hivi kwamba mwalimu aliliinua kuwaonyesha wenzangu. Mimi niliendelea kununa wiki nzima.

Mdogo wangu akafungua skrubu za bawaba ya juu. Kipande cha kadi kikadondoka sakafuni. Nikakiokota, nikakimulika. Kimegeuka rangi ya chai, na kwenye kona yake inasomeka sehemu ya jedwali la kuzidisha, saba mara nane, na nusu ya jibu.

"Niweke kadi mpya?" akauliza. "Nina boksi la skrubu hapa."

"Rudisha hiyohiyo."

Akaipanga nyuma ya bawaba, akakaza skrubu tatu, akaufungua mlango mpaka mwisho na kuuachia. Tulirudi nyuma hatua moja. Ukakaa kidogo, kisha ukaanza kuja taratibu, bila mlio, ukafika kwenye fremu, komeo likashika.