Nyumba ya Kati

Wasomaji waliowahi kukarabati nyumba kongwe watanielewa nikisema kwamba sehemu ngumu ya kazi ile haikuwa ya mwanzo. Kubomoa ni kwepesi. Kwa muda wa miezi saba tulibomoa na kubeba, punda wakipita katika vichochoro vya Mkomani na mifuko ya mchanga na mawe, kwani hapa Lamu hakuna gari liwezalo kufika mlangoni. Boriti zilizooza vichwa tulizitoa, tukatia nyingine. Plasta ya saruji aliyoipiga marehemu baba, kwa nia njema kabisa, tuliibandua yote. Ukuta wa matumbawe hutaka kupumua. Saruji huufungia unyevu ndani, mpaka chumvi ikatokeza na plasta ikaanguka vipande vipande. Tukarudi kwenye chokaa, kama walivyofanya wazee wetu.

Kilichonishinda ni wiki tatu za mwisho. Ndipo kila kitu kinapokaribia kwisha na hakuna kilichokwisha. Seremala alimngoja fundi umeme, fundi umeme alimngoja mpiga chokaa, na mpiga chokaa aliungoja upepo. Kaskazi ilivuma kwa nguvu, na chokaa ikikaushwa haraka hupasuka, ikawa kuta zanyunyiziwa maji asubuhi na jioni kama miche. Shaabani ilikuwa imekwisha kuingia. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba futari ya kwanza ataila kwake. Fedha zilizobaki zilitosha mabomba na ujira wa wiki mbili, basi.

Sasa niseme habari ya chumba kile. Nyumba za mawe za mji wetu zina mpango wake: daka, tekani, kiwanda, kisha misana, kisha ndani penye zidaka, na nyuma kabisa chumba kidogo chenye giza ambacho wazee hukiita nyumba ya kati. Humo wanawake walijifungua, na humo maiti walioshwa. Mimi mwenyewe nilizaliwa humo. Lakini tangu nipate akili nilikijua kuwa ghala tu, la magunia, vyungu na kitanda kilichovunjika mguu, na kwenye mchoro wangu nilikiandika choo na bafu.

Kila aliyeniuliza nilimwambia kwamba ni choo cha mama, kwa sababu ya magoti yake. Huo ulikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba mimi na kaka yangu aliyeko Oman, ambaye fedha nyingi zilikuwa zake, tulikusudia vyumba vya chini tuvipangishe wageni hapo baadaye, na mgeni hapangi chumba kisicho na choo chake. Neno hilo "baadaye" tulilitumia sana katika simu zetu. Hatukulifafanua hata mara moja.

Mama alikuja kutazama kazi siku ya Alhamisi, akitoka Langoni alikokuwa akikaa kwa mdogo wangu. Alipita na fimbo yake, akizigusa kuta kwa kiganja. Zidaka zilimpendeza, alimwombea dua fundi, fundi akainamisha kichwa. Kisha akasimama kwenye mlango wa nyumba ya kati, akayaona mabomba.

"Humu mnatia nini?"

"Choo, mama. Chako, usihangaike usiku."

Alinyamaza kidogo. "Mama yangu nilimwosha humu kwa mikono yangu. Wewe utaniosha wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aulizaye upawa umewekwa wapi. Nikamjibu kwa lile jibu letu sote: "Mungu akuweke, mama."

"Ataniweka mpaka atakapo. Nimekuuliza wapi."

Usiku ule nilimpigia kaka simu. Alinikumbusha gharama, na kwa hesabu alikuwa na haki: bomba limekwisha kulazwa, vigae vimekwisha kununuliwa, na ukichimba upya unalipa upya. Nilimwacha aseme mpaka akamaliza. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. "Siku hiyo mimi sitawahi kufika," akasema. "Wewe ndiwe utakayekuwapo. Fanya atakavyo."

Suluhisho lilitoka kwa fundi, asubuhi, kabla hata sijamaliza kumweleza. "Mwalimu, kosa si bomba. Kosa ni bakuli la choo." Alishauri mfereji na maji vibaki, sakafu ipigwe chokaa na kupewa mteremko, na choo cha kukalia kihamishiwe chini ya ngazi, karibu na kitanda cha mama. "Maji humu yatatakiwa," akasema, akaenda kuchanganya chokaa yake.

Kazi hiyo ilikuwa ya siku nne zaidi, nami sikuwa na ujira wa siku nne. Nilifikiri kumwomba fundi angoje mpaka baada ya Idi. Nilikwenda mpaka aliposimama, nikamkuta ameloa kanzu hadi kiunoni, na sote tunajua tulivyoagizwa kuhusu jasho la mfanyakazi. Nilirudi bila kusema. Badala yake nilisimamisha kazi ya ghorofa ya juu, na fedha za chokaa ya juu zikamlipa yeye na vijana wake kila jioni, mpaka siku ya mwisho.

Mama alirejea siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Chai ilikuwa tayari, lakini kwanza alitaka ufagio. Alikifagia chumba kile mwenyewe, akafungua maji, akayatazama yakiteremka na kuingia mferejini, akayafunga. Kisha akaja kunywa chai.

Ghorofa ya juu ingali mawe matupu. Maboksi sita ya vigae yamepangwa dakani, na nimekwisha kumpata mtu wa kuyanunua. Mama amekataa yasiuzwe mpaka Idi ipite. Kila alasiri huketi juu yake, akiwaamkua wapitao njia, na asema urefu wake unayafaa magoti yake kuliko baraza.