Madhabahu ya Mbingu

Kwa Kichina mahali hapa huitwa Tiantan, na hilo neno "tan" halimaanishi nyumba ya ibada. Maana yake ni ulingo uliojengwa ukainuliwa, wa kutolea sadaka chini ya anga iliyo wazi. Wazungu waliofika Beijing walilifasiri kwa neno lao la hekalu, nasi tukalipokea kutoka kwao bila ya kuuliza, ndiyo maana vitabu vyetu vinasema Hekalu la Mbingu. Lau tungelitazama wenyewe, tungeliona kwamba tunalo neno lililo karibu zaidi na lile la wenyewe. Madhabahu, ambalo asili yake ni kuchinja, ndilo khasa. Kwani hapo alichinjwa ndama, akachomwa mzima katika tanuri la matofali ya kijani ambalo lipo hadi leo, moshi wake ukapanda juu kwa niaba ya taifa zima.

Nilikwenda huko mwezi wa Disemba 2018, siku chache kabla ya ule usiku ulio mrefu kuliko yote katika nchi za kaskazini. Mwenyeji wangu alikuwa mwanamke wa Beijing aliyepata kusoma Kiswahili kwangu hapa Unguja miaka kumi kabla, na ambaye mpaka leo hutamka "ghali" na "dhamira" kwa usafi unaowashinda vijana wetu wengi. Alinifuata hotelini asubuhi, akaniamkia, akanikagua koti kama mama amkaguavyo mtoto aendaye skuli, kisha akasema tutaingia kwa mlango wa kusini. Nilistaajabu kidogo. Treni ya chini ya ardhi ina kituo mbele ya mlango wa mashariki, na baridi ya siku hiyo haikuwa ya kumzungusha mtu wa kisiwani bila ya sababu. "Ukianzia kusini, Mwalimu, utaviona vitu kwa mpango wake," alinijibu. Jawabu lile lilikuwa la kweli, ila halikuwa kamili.

Bustani ile ina ukubwa wa hekta 273, na ukuta wake wa upande wa kaskazini umepindwa mviringo, wa kusini umenyooka kwa pembe. Maana wazee wa Kichina waliitakidi kuwa mbingu ni duara na ardhi ni mraba. Humo ndani imesimama mivinje ya kale zaidi ya elfu tatu na mia tano, mingine ikiwa na umri wa karne tano na zaidi, magome yake yamejisokota kama kamba za jahazi. Nasema mivinje kwa kukosa neno, kwani mti huo ni wa ukoo mwingine, lakini upepo ukipita katikati yake hutoa ule ule mvumo tuujuao sisi wa pwani.

Aliyeamrisha ujenzi alikuwa mfalme Yongle wa nasaba ya Ming. Kazi ilianza mwaka 1406 na ikamalizika 1420, sambamba na kasri lake kubwa la Beijing. Jina hilo si geni kabisa kwetu. Ni yeye aliyezituma zile merikebu za Zheng He zilizofika Barawa na Malindi, na ni yeye aliyeletewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415, watu wa barazani kwake wakamdhania ni mnyama wa baraka aliyetajwa katika hadithi zao. Mwaka 2013 wachimbuzi wa mambo ya kale waliokota sarafu ya zama zake katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Nilimkumbusha hayo mwenyeji wangu. Akacheka, akasema kila Mswahili aendaye Beijing huanza na twiga.

Basi tukaanza na ulingo wenyewe, ule wa duara, uliojengwa mwaka 1530 na kutanuliwa 1749. Ni sakafu tatu za mawe meupe zilizopandana, hazina paa wala nguzo wala sanamu. Katikati ya sakafu ya juu kuna jiwe moja la mviringo waliitalo Moyo wa Mbingu. Jiwe hilo limezungukwa na mawe tisa, yanayofuata ni kumi na nane, kisha ishirini na saba, na hivyo hivyo kwa hesabu ya tisa hadi mzunguko wa tisa wenye mawe themanini na moja. Na hesabu haikatiki hapo, inateremka sakafu ya pili na ya tatu mpaka mzunguko wa mwisho una mawe 243, na jumla yake yote, ukiliacha lile la katikati, ni 3,402. Mtu akisimama juu ya Moyo wa Mbingu na kusema neno, sauti humrudia kutoka kwenye kingo za mawe ikiwa imenenepa, kana kwamba kuna mwingine aliyelisema pamoja naye.

Jambo lililonishika pale halikuwa hesabu wala sauti. Mfalme wa China, siku zote za maisha yake, alikaa ameelekea kusini. Kiti chake kilielekea kusini, milango ya kasri lake ilielekea kusini, na kila aliyemjia alisimama akielekea kaskazini, yaani kumwelekea yeye. Hapa tu, kabla ya alfajiri ya ule usiku mrefu, mambo yaligeuka. Kibao kilichoandikwa jina la Mbingu kiliwekwa upande wa kaskazini, naye akasimama upande wa pili kama raia, akapiga magoti mara tatu na kusujudu mara tisa mbele ya kitu asichoweza kukiamrisha. Alikuwa akipeleka hesabu ya mwaka mzima. Mvua ikikosekana, mito ikivunja kingo, nzige wakila mashamba, ilikuwa halali kwa watu kuuliza mfalme amefanya nini hata Mbingu ikamwudhikia.

Kabla ya hapo ilimpasa afunge siku tatu: asinywe mvinyo, asile kitunguu wala thomu, asisikilize muziki, asikae na wanawake, asihukumu kesi za jinai. Upande wa magharibi wa bustani lipo jumba la mfungo lenye handaki la kulizunguka, na mbele yake kiliwekwa kijisanamu cha shaba cha mtu aliyeshika kibao, ili kumkumbusha mwenye nchi kwamba amefunga. Nilikipenda sana kijisanamu hicho. Watawala wengi ningewatakia wawe nacho, tena si kwa siku tatu tu.

Hata hivyo, kila nikifikiri juu ya habari ile huona kuna kitu kinachonikwama kooni. Siku ya msafara watu wa mji waliamriwa wakae ndani na wafunge madirisha yanayotazama njia. Mkulima ambaye mavuno yake ndiyo yaliyokuwa yakiombewa hakuruhusiwa kuikanyaga bustani hii, wala baba yake, wala babu yake, kwa karibu miaka mia tano. Kunyenyekea kwa mfalme kulikuwa siri baina yake na Mbingu na maofisa wachache. Yupo mmoja, Wanli, aliyetoka kasrini kwa miguu mwaka 1585 wakati wa ukame mkubwa, akatembea kiasi cha kilomita tano hadi hapa kuomba mvua. Na ninadhani ndiyo sababu historia imemkumbuka kwa mwendo ule ingawa kwa mengine haimsifu. Unyenyekevu usioonekana na anayenyenyekewa kwa ajili yake una faida gani kwake? Mwenyeji wangu, ambaye hana haja ya kuvutana nami tena kwa kuwa simsahihishii mitihani, alisema: "Mwalimu, hata mama akimwombea mwanawe, humwombea usiku, mtoto amelala."

Tukapita kwenye Ukuta wa Mwangwi, ambao hupokea mnong'ono wa mtu upande mmoja na kumfikishia mwenzake upande wa pili. Hatukuupata mnong'ono wowote, kwani watalii kiasi cha mia walikuwa wakiupigia makelele kwa pamoja. Kutoka hapo inaanza njia pana iliyoinuliwa, yenye urefu wa mita 360, ielekeayo kwenye Ukumbi wa Kuombea Mavuno Mema. Njia hiyo ina sehemu tatu: ya katikati ni ya Mbingu na haikukanyagwa na mtu, ya mashariki ni ya mfalme, ya magharibi ni ya maofisa. Siku hizi kila mtu hupita katikati, na watoto huikimbilia.

Huo ukumbi ndio unaochorwa kwenye kila picha ya Beijing: duara la mbao lenye mapaa matatu ya vigae vya buluu, urefu wake mita 38, likishikwa na nguzo 28 zilizounganishwa bila ya msumari hata mmoja. Nguzo nne za kati ni majira manne, kumi na mbili za ndani ni miezi, na kumi na mbili za nje ni saa za mchana na usiku kwa hesabu ya Kichina ya kale. Uzuri wake hauhitaji maneno yangu. Nilichopenda kukijua ni kwamba huu si ule wa Yongle. Mwaka 1889 ulipigwa na radi ukateketea, wakaujenga upya kwa miaka kadhaa hadi 1896. Na wajenzi hawakukosa kujiuliza, nadhani, Mbingu ilikuwa imekusudia nini kuchoma nyumba yake yenyewe. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1900 majeshi ya Uingereza yalipiga kambi humu. Mwaka 1912 mfalme wa mwisho alijiuzulu. Mwaka 1914 Rais Yuan Shikai, mwanajeshi aliyetamani ufalme, alikuja kufanya ibada ya majira ya baridi akiwa ndani ya gari la deraya, na mwaka na nusu baadaye alikuwa maiti. Mwaka 1918 milango ikafunguliwa kwa watu wote, kwa tiketi.

Ni kwenye ngazi za ukumbi huo mwenyeji wangu aliponiambia lile alilolibakisha asubuhi. Mama yake alikuwa ndani ya bustani. Huja mara kwa mara, kwa mlango wa mashariki, na humkuti kwenye michezo wala ngoma za wazee. Huja kumtafutia yeye mume.

Lazima nieleze. Kutoka ukumbini kwenda mashariki kuna baraza ndefu yenye paa, ya vyumba sabini na viwili, iliyotumika zamani kupitishia nyama na vyakula vya sadaka kutoka jikoni ili visinyeshewe. Leo imejaa wazee wacheza karata, wafuma soksi, waimbaji wa nyimbo za opera na wapigaji wa zeze la nyuzi mbili. Karibu na hapo yapo Mawe ya Nyota Saba, ambayo kwa hakika ni manane, kwa kuwa nasaba ya Qing iliongeza lake. Na hapo ndipo wazazi hukutana wakiwa na karatasi. Katika karatasi huandikwa mwaka wa kuzaliwa, kimo, elimu, mshahara, nyumba kama ipo, na kama mtu ana kibali cha ukaazi wa Beijing. Wengi wa watoto hao hawana ndugu, kwani sheria ya mtoto mmoja iliyoanza mwaka 1980 haikuondolewa ila 2015, na mzazi mwenye mmoja hana wa kumtazamia mwingine. Watoto wenyewe hawapo. Wengine hawajui; wengine, kama mwenyeji wangu, wanajua na huingia kwa mlango wa kusini.

"Nina miaka thelathini na minne," alisema. "Nina kazi, nina nyumba yangu ndogo. Simwambii aache, kwa sababu akiacha atakuwa na nini asubuhi?"

Nikamwuliza kama angependa turudi tulikotoka. Alifikiri, akatazama ile njia yenye sehemu tatu, kisha akasema la, mguu umekwisha fika.

Tulimkuta mama amekaa juu ya kiti cha kukunja, amevaa kofia ya sufi, chupa ya maji moto ubavuni, na karatasi yake imelazwa chini miongoni mwa nyingine, imebanwa kwa vijiwe vinne. Alipomwona binti yake hakusema neno. Aliponiona mimi alisimama, akanipa mikono miwili, akanimiminia maji moto katika kifuniko cha chupa. Akauliza kupitia kwa binti wazazi wa kwetu hufanyaje. Nikamweleza habari za mshenga, jinsi anavyokwenda na maneno matamu na kurudi na mchanganyiko, na kwamba kazi hiyo mzazi haifanyi mwenyewe kwa kuona haya. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akajibu maneno machache. Binti hakunifasiria mara moja.

"Anasema haya ni kitu cha mtu mwenye watoto wengi."

Upepo ulikuwa umeanza kutoka kwenye mivinje. Mwenyeji wangu alichutama mbele ya ile karatasi, akaisoma kutoka juu hadi chini, pole pole, kama alivyokuwa akisoma insha zake kabla ya kunikabidhi. "Mwalimu," akaniambia kwa Kiswahili, bila ya kuinua kichwa, "amenipunguzia miaka miwili." Kisha kijiwe kimoja kilichokuwa kimesogea akakirudisha pembeni mwa karatasi, mahali pake.