Kisiwa Kisichozungukwa na Maji

Usiku wa pili wa giza, Februari 2021, mwanamke wa Unguja aishiye Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth, alikuwa amejifunika kanga tatu juu ya koti pale simu ilipolia. Alikuwa mzee wa Ngazidja, mkaazi wa Houston, ambaye yeye humwita ami ingawa hawana damu moja.

"Mwanangu, nanyi mmezimikiwa?"

"Tumezimikiwa, ami. Kama Unguja."

Hakuhitaji kufafanua. Mei 2008 hitilafu iliikata njia pekee ya umeme iliyopita chini ya bahari hadi Fumba, na Unguja ikakaa kizani karibu mwezi mzima. Pampu zikanyamaza, madumu yakapanga foleni visimani. Tangu hapo kila anapohamia hujaza ndoo kabla ya dhoruba yoyote. Mumewe humcheka.

Texas imezimika kwa sababu iliyo kinyume. Gridi yake kuu haina ila viungo vichache na majirani, kwani wakubwa wake walichagua zamani kujitenga ili serikali ya Washington isiwasimamie. Baridi ilipogandisha mitambo, zaidi ya nyumba na maduka milioni 4 yalikosa umeme, na msaada wa kutosha haukuwa na pa kupitia. El Paso, iliyoungwa na gridi ya magharibi, iliendelea kuwaka. Na kebo kubwa iliyofikishwa Unguja mwaka 2013 ililipiwa na fedha za Marekani!

Ami alicheka, kisha akageukia lalamiko lake la siku zote. Kamisheni ya Bahari ya Hindi iliasisiwa Port Louis mwaka 1982 na Morisi, Madagaska na Shelisheli. Komoro na Ufaransa ziliingia 1986. Hakatai kwamba doria za pamoja za uvuvi, zilizoanza 2007, zina faida, maana hakuna kisiwa kimoja kinachoweza kuilinda bahari yote ile. Lakini Ufaransa imekaa mezani kwa jina la Reunion, huku ikiishikilia Maore. Tangu 1995 Mngazidja anadaiwa viza kwenda Maore, na wasioipata hupanda vijahazi vya magendo, wengi wamezama.

"Nyinyi angalau mna kiti," alisema mwanamke. Unguja na Pemba hazina. Tanzania ndiyo dola. Mwaka 1993 Zanzibar ililazimika kujitoa katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu kwa hoja hiyo hiyo. Ila Sayyid Ahmad bin Sumeit, mzaliwa wa Ngazidja, alikuwa kadhi Unguja, na hakuna aliyemuuliza bendera.

"Sasa unaota moto wa nini?" aliuliza ami.

Alimweleza. Jirani wa ukuta wa pili hakukatiwa, kwa kuwa nyumba yake iko kwenye njia ya hospitali. Siku ya kwanza alimpa waya upitie dirishani, yeye akakataa kwa haya. Jioni hii ameupokea. Hita moja inawaka.

"Na akiuchomoa?"

"Mabomba yake yamepasuka, ami. Ana mtoto mchanga, na maji ya uji wake yamo ndooni mwangu."