Masharti Mawili

Februari iliyopita nilivuka kwenda Unguja na kazi mbili. Moja ya ofisini: kuandika habari za tamasha la Sauti za Busara. Ya pili ya nyumbani, na hiyo sikumwambia mhariri: kutia saini karatasi ya kuikodisha nyumba ya bibi, Mji Mkongwe, kwa mtu anayetaka kuifanya hoteli. Miaka 25. Ndugu zangu wote walishatia. Ilibaki yangu na ya ami, na ami alikuwa akinisubiri mie.

Tamasha lilijaa. Tangu 2004 linafanyika karibu kila mwaka (2016 pesa zilikosekana, halikuwapo), na Ngome Kongwe usiku ule haikuwa na pa kuweka mguu. Nimeliandikia mara sita, na kila mara nimetumia maneno yale yale: mji umefufuka. Si uongo. UNESCO iliuingiza mji kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Miaka miwili baadaye kikaanzishwa chuo cha muziki ambako vijana hujifunza udi na fidla. Forodhani ikakarabatiwa, ikafunguliwa upya 2009. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja, akapata Nobeli ya fasihi mwaka 2021, na sisi tunaopenda vitabu tukajidai kama tumeshinda wenyewe.

Lakini nyumba ya bibi ina vyumba saba na anayelala humo ni mtu mmoja.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Dari zake zinabebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hutegemea urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, unalala kama uko ndani ya jahazi. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta na kuozesha ncha ya boriti pale inapozama kwenye mawe, mahali usipopaona.

"Mama alikuwa akisikia tone usiku, asubuhi fundi yuko juu ya paa," ami aliniambia. "Sasa nani wa kusikia? Mie masikio yenyewe ndiyo haya."

Kisha akanipeleka ukumbini kunionyesha kosa langu. Miaka kama kumi nyuma nilituma pesa kutoka Dar ukuta upigwe lipu, na nikasisitiza saruji, maana niliona ndiyo imara, halafu fundi wa chokaa alikuwa na maringo. Chokaa huuacha ukuta upumue. Saruji huufunga, unyevu unabaki ndani, na siku ikibanduka inaondoka na nyama ya ukuta. Ami alibandua kipande kwa ukucha tu, akanipa mkononi. Hakusema kitu. Ningependa angesema.

Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati, wakafa watu wawili. Habari ile niliiandika nikiwa Dar, kwa simu. Nadhani niliandika "urithi wetu" mara nne. Ami sikumpigia mpaka usiku, naye akaniambia jambo moja tu: kuanzia siku ile anaogopa kulala chumba cha juu.

Kwa hiyo mtu wa hoteli simchukii. Ana pesa za paa, sisi hatuna. Nyumba kadhaa mjini mle bado zimesimama kwa sababu ziligeuzwa hoteli, tukubali. Kinachoniuma ni baraza ya nje. Jioni bibi alikaa pale na kahawa, na mazoezi ya Culture Musical Club yakimfikia kutoka upande wa Vuga. Mpiga fidla akikosea, bibi alikuwa wa kwanza kuguna. Wapita njia walisimama, wakakaa, wakasengenya. Hoteli itaweka hapo mtungi wa maua na mlinzi.

Ami aliniuliza swali moja. "Ukitia saini, mie nahamia kwa dada yako Mwanakwerekwe. Usipotia, utakuja kulala huku?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Sisi tunaoulilia Mji Mkongwe magazetini, wengi wetu hatulali humo.

Nikatia. Lakini kabla ya hapo niliandika pembeni, kwa mkono, masharti mawili: kuta zitengenezwe kwa chokaa, si saruji, na baraza ya nje ibaki wazi kwa yeyote anayetaka kukaa. Ami akaisoma karatasi mara mbili, akaweka saini yake chini ya yangu.

Mwanasheria wao alinijibu baada ya wiki. La kwanza wamelikubali. La pili, anasema, bado wanaliangalia.