Makovu ya Bastola

Katika miaka yangu ya ufundi, kwanza karakanani na baadaye kwa mkono wangu mwenyewe mjini Mombasa, kazi iliyonijia kwa wingi haikuwa ya bastola iliyokataa kulia, bali ya ile iliyo nzima kabisa ila imekwaruzika ikamkera mwenyewe. Na maadamu wenyewe, japo walikuwa na vibali vyao, hawakupenda kupita nayo njiani, mimi ndiye niliyechukua kisanduku changu nikawafuata majumbani.

Aghalabu ilikuwa Smith & Wesson ya .38, katika zile walizoletewa Waingereza kutoka Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kabla ya kugusa chochote niliifungua silinda upande wa kushoto nikayatazama matundu yote sita, hata kama mwenyewe ameapa kuwa ni tupu. Ikiwa ni ya rangi ya buluu iliyokoza, mkwaruzo hufichika: hupanguswa kwa spiriti hata isibaki taathira ya mafuta, hupashwa moto kidogo, kisha hupakwa kwa pamba ile dawa ya seleniamu na chumvi ya shaba, ambayo ni sumu na haifai kushikwa kwa mkono mtupu, ikasuuzwa, ikakaushwa na kutiwa mafuta. Ama zile zenye herufi V mbele ya nambari, zilizoanza mwaka 1942, nyingi zina ngozi ya kijivu isiyong'aa, na dawa hiyo huziachia baka jeusi linalochukiza kuliko mkwaruzo wenyewe. Hizo nilizirejesha kama zilivyo, na malipo sikudai.

Mpini wa mti wa jozi ndio ulionipa raha. Nikiisha kuufungua skrubu na kuutenga na chuma, niliweka kitambaa kibichi juu ya kibonyeo, nikagusisha ncha ya pasi ya moto, na mvuke ukaziinua nyuzi zilizolala, mradi ziwe zimebonyea tu wala hazikukatika. Kisha tone la mafuta ya kitani, basi.

Lakini kulikuwa na alama moja ambayo kila bwana alitaka iondoke, nayo ni ule mstari mwembamba unaoizunguka silinda, uliochorwa na kile kidude cha chini kinachoizuia isipitilize inapozunguka. Waliudhani ni aibu ya silaha, ilhali ni dalili tu kwamba imetumika, na ukifutwa leo, silinda ikizungushwa siku mbili tatu utarudi. Wengine walidai nipige msasa mpaka ung'ae, wasijue kwamba msasa hula kingo na kufifiza maandishi ya kiwandani, na nambari ikififia mwenye silaha hana la kuiambia polisi.

Wewe uliyerithi bastola kwa kibali halali, anza na kitambaa laini na mafuta mepesi, na mstari wa silinda uache ulipo.